Alikuja Kazini Akiwa Hajisikii Vizuri

Msimamizi wetu tulimwita Dakika, lakini hilo tulilisema akishatupa mgongo. Mbele yake alikuwa Mkuu. Jina lilitokana na saa yake ya mkononi, ambayo aliivaa upande wa ndani wa mkono ili aisome bila mtu kugundua. Ukienda msalani ukirudi, unamkuta amesimama pale pale ulipomwacha, mkono ameugeuza kidogo, anakwambia kwa upole kabisa, "Dakika sita, dada. Hayo ni mashuka mangapi?" Hakuwa mkali. Nimefanya kazi chini ya wakali, nawajua. Yeye alikuwa na sauti ya mtu anayekuonea huruma kwa muda ulioupoteza.

Kiwanda chetu ni cha kufulia. Tunafua mashuka ya hoteli, mashuka ya hospitali, taulo na vitambaa vya meza vya watu ambao hatutawaona maishani. Huletwa kwa lori asubuhi yakiwa mafurushi, na jioni huondoka meupe, yamekunjwa kama karatasi mpya. Katikati ya hapo ni moto. Boila iko nyuma ya ukuta, mabomba ya mvuke yanapita juu ya vichwa, vikaushio sita vimejipanga upande mmoja, na katikati ya chumba kuna rola, pipa refu la chuma linalozunguka likiwa la moto. Wawili wanalisha shuka bichi upande wa mbele, wawili wanalipokea nyuma likiwa limenyooka na linaunguza vidole. Paa ni la mabati. Madirisha yapo, lakini yamepigiliwa misumari kwa sababu vumbi la barabarani hutia madoa nguo nyeupe. Feni zilikuwa mbili, moja ilikufa kabla sijaajiriwa.

Bomba la maji ya kunywa lilikuwa nje, karibu na geti. Kuingia na chupa ndani ilikuwa marufuku, eti maji yatamwagikia nguo. Nguo zenyewe zimetoka kwenye maji dakika kumi zilizopita. Tulilicheka sana hilo mwanzoni, halafu likaacha kuchekesha. Miezi ya jua kali, ikifika saa nane mchana, aproni zetu zilikuwa na mistari myeupe ya chumvi iliyokauka, na kwenye chumba cha kubadilishia nguo wanawake tuliulizana kwa mzaha nani leo kakojoa chai ya rangi, nani kakojoa kahawa.

Dakika aliingia pale akiwa kijana, enzi za kufua kwa mikono kwenye mabirika ya saruji. Siku alipokuja kuanguka pale kazini alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita bila kukosa siku hata moja, na jambo hilo alilisema mara nyingi kuliko alivyosema majina ya watoto wake. Siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, alifika kazini saa sita mchana na akaomba radhi. Suruali yake ilikuwa na mkunjo ulionyooka kuanzia kiunoni hadi kiatuni. Alijipigia pasi mwenyewe. Mkewe aliniambia baadaye kwamba tangu waoane hakuruhusiwa hata kuigusa pasi ya nyumbani. "Alisema mimi nachoma kola," alisema. "Sijawahi kuchoma kola ya mtu."

Nisimchafue zaidi ya alivyostahili. Yeye ndiye aliyenifundisha kukunja shuka kubwa peke yangu, kidevu kikiwa mkono wa tatu. Mama yangu alipofariki alikuja nyumbani, akavua koti, akabeba viti, akaosha masufuria pamoja na vijana wa mtaani, na hakuitazama saa yake hata mara moja. Kesho yake nilipoomba siku mbili alinipa tatu. Nilimpenda kwa hilo. Sote tulikuwa na kitu kama hicho cha kumpendea, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia inavyopasa.

Sasa nimtaje Mama Pacha. Alikuwa mkubwa kwetu wote kwenye rola, mjane, mwenye mabinti pacha waliokuwa sekondari wakati huo. Alikuwa na maneno. Rola aliiita mume wake wa pili. "Huyu angalau najua atakaponiunguza," alisema. Mimi aliniita mdogo wangu, ingawa hatuna undugu, na aliniwekea nafasi upande wa kupokea, ambako joto linapungua kidogo.

Ilikuwa miaka mitatu kabla ya Dakika kuanguka. Jua lilikuwa limekaa wiki nzima bila wingu. Mchana ule Mama Pacha aliacha pindo la shuka, akamgeukia Dakika.

"Mkuu, naomba nitoke kidogo. Miguu inanikaza."

"Malizia mkokoteni huu, mama. Huu mmoja tu, halafu utoke."

Mkokoteni mmoja ni mashuka themanini. Aliendelea. Baada ya muda nilimtazama nikaona kitu ambacho wakati ule sikujua maana yake. Sisi wote tulikuwa tumelowa, yeye alikuwa amekauka. Uso wake ulikuwa mkavu kama karatasi, mwekundu chini ya weusi. Akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, akaniambia nifunge mbuzi. Nikadhani ni mzaha wake. Nikacheka. Akaanguka ubavu, na kama mwenzake upande wa kulisha asingemvuta aproni, mkono wake ungeingia kwenye rola pamoja na shuka.

Alilazwa wiki tano. Alipotoka hakuwa yule yule. Maneno yalimpotea katikati ya sentensi, mguu mmoja ulikuwa mzito, na joto lolote, hata la jiko la mkaa, lilimfanya atapike. Kurudi kazini lilikuwa jambo lisilozungumzika.

Siku mbili baada ya kuanguka kwake, Dakika alitoka ofisini kwa meneja akiwa na fomu ya taarifa ya ajali mkononi. Ofisi ile ndiyo chumba pekee chenye kiyoyozi, na alipotoka miwani yake ilikuwa na ukungu. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Dada, asubuhi ile Mama Pacha hakukwambia chochote? Hakulalamika?"

"Alisema hakulala vizuri," nikamjibu. "Mtoto mmoja alikuwa anakohoa."

"Hakulala vizuri," akarudia. "Asante."

Akaenda akaegemea meza ya kukunjia, akaandika kwa mwandiko wake ule mzuri uliolala kidogo kushoto: *Alikuja kazini akiwa hajisikii vizuri.* Niliiona nikiwa nimesimama karibu. Nilidhani ni maneno ya kawaida tu, ya kujaza nafasi. Sikujua kwamba sentensi ile ndiyo mlango, na kwamba ulikuwa unafungwa. Ofisi ya fidia ilimjibu Mama Pacha kwa barua fupi: ugonjwa aliotoka nao nyumbani si ajali ya kazini. Dakika alikwenda kumwona akiwa na mfuko wa matunda. Mama Pacha alimshukuru.

Baada yake walianguka wengine wawili, fundi wa boila na msichana wa vikaushio. Hao walipona baada ya siku chache, au tuseme walirudi kazini baada ya siku chache. Fomu zao zilijazwa kwa sentensi ile ile. Ilikuwa sentensi yenye adabu. Haikumtukana mtu, wala haikuwa na uongo unaoweza kuushika mkononi. Nani huja kazini akiwa anajisikia vizuri kabisa? Meneja alikuwa amemweleza Dakika, na Dakika akatueleza sisi, akiamini kila neno: "Ukiandika joto, wakaguzi wanakuja. Wakija wanafunga. Wakifunga, mtakula wapi?"  Tulirudi kwenye rola.

Mwaka alioanguka yeye, hoteli kubwa ilikuwa na wageni wa mkutano na mashuka yalikuja mara mbili ya kawaida. Watu watatu hawakufika kazini. Dakika alivua shati, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, akasimama na fulana yake upande wa kupokea, pamoja na mimi. Tangu asubuhi sikumwona akitoka kwenda bombani. Nadhani aliona aibu kujihesabia dakika.

Alikunja vizuri, haraka kuliko mimi. Saa saba na nusu akaniambia kichwa kinamgonga. Saa nane nikaona anakunja shuka, analikunjua, analikunja tena.

"Mkuu, hilo tayari," nikamwambia.

"Mwambie mama maji yamechemka," akasema.

Mara hii sikucheka. Nilimshika bega. Lilikuwa la moto na kavu, kama ubavu wa kikaushio. Akageuza mkono, akaitazama saa yake muda mrefu, halafu akaninyooshea.

"Hii inasemaje?"

Nikamwambia ni saa nane na dakika kumi. Akatikisa kichwa kama mtu asiyeridhika, suruali yake ikalowa mbele, na akaanguka kifudifudi juu ya rundo la mashuka ya hospitali.

Tulimtia kwenye mkokoteni wa nguo na kumsukuma hadi getini, kwenye bomba. Fundi wa boila, ambaye yalishamkuta, alijua la kufanya kuliko sisi sote. Alitufokea tulete mashuka, tuyaloweshe, tumfunike, tupepee. Tukachukua yaliyokuwa karibu, masafi, yaliyokwisha kukunjwa. Meneja alitoka akiwa na simu mkononi. Alimwona Dakika amelala chini kwenye tope amefunikwa nguo nyeupe, akauliza, "Mashuka hayo ni ya oda ya nani?" Fundi wa boila alimtazama, hakujibu. Namheshimu mpaka leo kwa kutojibu kwake, maana ningekuwa mimi ningemtajia oda.

Hospitali walipima joto la mwili wake wakakuta limepita nyuzi arobaini na moja, hata baada ya maji yote yale. Daktari aliandika kiharusi cha joto, akamfafanulia mkewe kwamba mwili umechemka hadi umeshindwa kujipoza wenyewe, na kwamba figo zimeumia. Tangu siku hiyo akawa wa kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili kwa wiki, amefungwa kitandani kwa saa nne kila mara.

Kesho yake meneja aliniita ofisini. Sikuwahi kuingia mle zaidi ya kizingiti. Baridi ilinipiga kwenye aproni yenye jasho nikaanza kutetemeka, na nadhani alifikiri namwogopa yeye. Labda alikuwa sahihi.

"Utakaimu nafasi ya msimamizi," akasema. "Unaijua kazi, watu wanakusikiliza. Jambo la kwanza ni hii." Akasukuma fomu mezani. Kisha akasukuma na faili. "Ukikwama, angalia zilivyojazwa nyingine."

Nilikaa kwenye meza ya kukunjia, pale pale alipokuwa akiandikia yeye. Nikafungua faili. Fomu tatu, mwandiko mmoja uliolala kushoto. Nilizisoma zote, ingawa zilikuwa zinafanana. Nikamfikiria mume wangu aliyekuwa hana kazi mwaka wa pili, nikafikiria mshahara wa msimamizi, na nikafikiria kwamba Dakika mwenyewe angeandika hivyo hivyo. Hili la mwisho nililishikilia sana. Kisha nikanakili. Nilibadilisha jina na tarehe.

Barua ya ofisi ya fidia, yenye jibu lile lile alilopewa Mama Pacha, ilimfikia Dakika akiwa kitandani nyumbani. Mkewe alikuja getini siku iliyofuata, wakati wa mapumziko ya mchana. Ni mwanamke mfupi, mtaratibu, asiye na haraka ya kusema. Tulisimama kwenye kivuli cha lori.

"Wifi," akaniambia, kwa kuwa mumewe alinichukulia kama mdogo wake, "amenituma nikuulize jambo moja. Anasema haulizi kwa ubaya. Uliandika kwa hiari yako, au uliambiwa?"

"Niliambiwa."

Akatikisa kichwa, akakaza kanga yake kiunoni.

"Anasema hata yeye."

Akaondoka. Nilitamani anitukane.

Dakika aliamua kukata rufaa. Aliambiwa apeleke hati ya daktari na shahidi wa hali ya mle ndani. Alituuliza sisi tuliokuwa kazini, mmoja mmoja, kwa simu ya mkewe. Fundi wa boila alikuwa ameshahamia kiwanda kingine, akasema ana mkataba mpya na hataki matatizo. Msichana wa vikaushio alisema atafikiria, na simu yake haikupatikana tena. Mimi nilisema kwamba kampuni imeshaniita niwe shahidi wa upande wao. Ilikuwa kweli.

Basi akaenda kwa Mama Pacha. Haya nimesimuliwa na Mama Pacha mwenyewe.

Ilikuwa asubuhi ya siku aliyopumzika kusafishwa damu. Mkewe alimsindikiza hadi mlangoni na kubaki nje. Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mahali penye upepo, na kitambaa kibichi shingoni, kama anavyokaa siku zote. Hapiki tena. Mabinti zake hupika uani, naye hukaa mbali na jiko kama mtu anayeogopa mbwa.

Dakika hakukubali kiti. Alisema akiwa amesimama, "Mama, ile karatasi iliyokunyima haki yako, mimi ndiye niliyeiandika."

Mama Pacha akamwangalia. "Sema tena," akamwambia. "Sema taratibu. Maneno siku hizi yananiponyoka."

Ikabidi alirudie. Mara ya pili aliketi.

Mama Pacha aliniambia kwamba kilichomuuma hakikuwa karatasi. "Miaka mitatu, mdogo wangu, nimekuwa nikijilaumu. Barua ilisema nilikwenda kazini nikiwa mgonjwa. Nami nikaamini, kwa sababu sikumbuki asubuhi ile. Nikawaambia wanangu, mama yenu alificha ugonjwa akajimaliza mwenyewe, msije mkafanya hivyo. Nimewaomba radhi wanangu. Nimewaomba radhi kwa jambo ambalo huyu bwana alilitunga kwa kalamu."

Alimwambia atoke. Alipofika mlangoni, akamuuliza, "Hiyo siku ya baraza ni lini?"

Baraza la rufaa lilikaa kwenye chumba cha ghorofa ya pili, kipana, madirisha wazi, feni tatu zinazunguka na zote nzima. Watu watatu walikaa nyuma ya meza, mwenyekiti katikati, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Dakika alikuja na shati lililopigwa pasi, lakini shingo ilikuwa imepwaya ndani ya kola. Wakili wa kampuni alikuwa kijana mwenye heshima zake, alimwita mzee.

"Mzee, sheria inazungumzia ajali," alianza. "Ajali ina saa na mahali. Siku ile kitu gani kilikugonga?"

"Joto."

"Joto lilikuwepo jana yake?"

"Lilikuwepo."

"Na juzi yake?"

"Lilikuwepo. Liko miaka yote."

"Basi kama liko miaka yote na wewe umekaa nalo miaka ishirini na sita, tunaliitaje ajali?"

 Wakili akatandaza fomu mezani, nne, moja baada ya nyingine. Akazitenga tatu.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Hapa umeandika mara tatu kwamba watu walikuja wakiwa wagonjwa. Hakuna mahali ulipotaja joto. Uliandika kweli?"

 Nilimwona anatafuta saa yake kwa macho, ila mkononi hakuwa nayo, mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji mahali sindano zinapoingia. Akisema ndiyo, kiwandani hakujawahi kuwa na joto la kumwangusha mtu. Akisema hapana, yeye ni mwongo.

"Nilidanganya," akasema.

"Ulidanganya ili kulinda kazi yako?"

"Ndiyo."

"Na leo unahitaji malipo. Kwa nini baraza liamini kwamba leo umeacha?"

 Mkewe, nyuma, aliinamisha kichwa.

Wakaniita mimi. Wakili alinionyesha fomu ya nne nikakubali kwamba niliijaza. Hakuniuliza zaidi. Lakini mwenyekiti alivua miwani akaniuliza yeye mwenyewe, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza njia:

"Dada, asubuhi ile ulimwona. Alikuja mgonjwa?"

Meneja alikuwa amekaa safu ya mbele. Hakuwa ananitazama hata kidogo, alikuwa anasafisha kucha.

"Sikumbuki," nikasema.

Nakumbuka kila kitu. Nakumbuka asubuhi ile aliimba akiwa anafungua stoo. Neno sikumbuki lina herufi tisa na nimeshalitafuna usiku na mchana, haliishi.

Mama Pacha aliingia akishikwa mkono na binti yake mmoja. Alikataa kiti, halafu akakikubali. Alieleza polepole. Kuna mahali alikwama kabisa, neno rola likamkimbia, akawa anazungusha mkono hewani: "Ile… ile ya kuzunguka… ya moto…" Wakili alitaka kumsaidia, mwenyekiti akamzuia kwa kidole. Tukangoja. Nilikuwa na neno lile mdomoni mwangu, nilikuwa nalo, nikanyamaza. Alilipata mwenyewe. Akaeleza madirisha yaliyopigiliwa misumari, chupa zilizokatazwa, bomba la getini, mkokoteni wa mashuka themanini. Alieleza jinsi miguu inavyokaza kwanza, na jinsi jasho linavyokatika ghafla ukadhani umepata nafuu.

"Mama," mwenyekiti akamuuliza mwishoni, "huyu ndiye aliyekuandikia vibaya. Kwa nini umekuja kumsaidia?"

"Sikuja kumsaidia. Nimeulizwa mle ndani kukoje, nimesema."

Kisha akauliza, "Na langu mimi?"

Mwenyekiti alipekua karatasi ambazo nadhani hakuwa na haja ya kuzipekua. "Barua yako ilipaswa kukatiwa rufaa ndani ya miezi kumi na miwili, mama. Muda umepita. Baraza hili halina mamlaka ya kuufungua."

"Miezi hiyo kumi na miwili," Mama Pacha akasema, "nilikuwa sijajua tena kusema."

Karani aliyekuwa anaandika kila neno aliinua kalamu, akamtazama mwenyekiti, na sentensi ile hakuiandika.

Wiki sita baadaye uamuzi ulitoka. Waliamini hati ya daktari na ushahidi wa Mama Pacha. Walikubali kwamba joto la kiwandani lilimuumiza Dakika, lakini wakasema kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa msimamizi, na alijua, na alificha, naye ana sehemu ya lawama, kwa hiyo alipwe nusu. Alitaka kugawana fedha hizo na Mama Pacha. Alimtuma mkewe na bahasha. Mama Pacha alimkaribisha vizuri, wakazungumza habari za watoto, na akamrudisha na bahasha ile ile bila kuifungua.

Mkaguzi alikuja kweli. Hakufunga kitu. Aliagiza maji ya kunywa yawekwe ndani, na sasa kuna pipa la maji kwenye kona, watu wanakunywa, na hakuna shuka lililowahi kulowa. Aliagiza pia kipimajoto kiwekwe. Meneja alikitundika ofisini kwake, juu ya kiyoyozi, na kila asubuhi nalazimika kugonga mlango, kuingia, na kuandika kwenye daftari kwamba joto la mahali pa kazi ni nyuzi ishirini na mbili.

Dakika aliishi miezi kumi na minne. Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara ya kwanza hatukugusia jambo lenyewe. Aliniuliza kama bado ninakunja kwa kidevu. Mara ya pili nilikwenda nimedhamiria kumwomba radhi, nikakuta amelala. Nikakaa nusu saa na mkewe, nikanywa chai, nikaaga. Msibani Mama Pacha hakuja. Alituma mabinti zake wote wawili, wakaosha vyombo siku nzima uani, kwenye jua, na hakuna aliyejua ni kina nani isipokuwa mimi na mjane.

Mimi bado ni msimamizi. Sikaimu tena, nimethibitishwa. Msimu huu wa joto jamaa mmoja wa vikaushio alianguka, baba wa watoto wanne, mtu wa mzaha. Tulimpoza haraka, sasa tunajua. Nilipoletewa fomu nilikaa nayo mezani kwa muda, nikaandika: joto. Neno moja hilo, na saa, na mahali.  Nilimpelekea meneja, akaisoma amesimama, akaiweka kwenye droo, akasema, "Sawa, acha hapa." Niliiacha. Sikuomba nakala. Sijui kilichofika ofisi ya fidia ni karatasi yangu au nyingine, na sijauliza.

Mke wa yule jamaa huja getini kila Jumatatu kuuliza kama jibu limetoka. Namwambia bado.